Kufunga Muunganisho: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili za Upitishaji Ujumbe katika Seva za Java

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi za Kiswahili zilizoundwa kwa ajili ya kufundishia usanidi wa foleni za ujumbe, na wa vitu vinavyotoa miunganisho, katika seva za programu za Java. Matini yanayohakikiwa ni orodha ya istilahi niliyoiandaa mimi mwenyewe pamoja na mwongozo wa maabara ulioandikwa kwa kuitegemea. Makala yanadai kwamba kasoro za orodha hiyo hazikutokana na ufinyu wa msamiati wa Kiswahili, bali na mazoea ya kuipima istilahi ikiwa nomino pekee, nje ya vitenzi inavyoambatana navyo. Yanaonesha pia kwamba pale ambapo Kiingereza chenyewe kimekosa utaratibu, Kiswahili si lazima kiurithi ukosefu huo.

1.0 Sentensi moja ya mwongozo

Miaka michache iliyopita wenzetu wa sayansi ya kompyuta waliniomba niwaandalie orodha fupi ya istilahi za somo la upitishaji ujumbe baina ya programu. Wanafunzi wao walifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, lakini ndani ya maabara, walipokuwa wakielekezana wao kwa wao, lugha iliyotawala ilikuwa Kiswahili. Nilikubali kwa furaha. Niliifanya kazi hiyo kwa siku nne, nikiwa na kamusi mbili na kitabu kimoja cha kozi mezani, bila kuiona seva hata mara moja ikifanya kazi. Baadaye wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho waliitumia orodha yangu kuandikia mwongozo wa Kiswahili, na mwongozo huo ukasambaa zaidi ya walivyotarajia.

Katika ukurasa mmoja wa mwongozo huo imo sentensi hii: "Funga muunganisho kabla ya kutuma ujumbe unaofuata." Kijana mmoja aliyekuwa katika mafunzo kwa vitendo aliifuata kwa uaminifu. Kila mara kabla ya kutuma ujumbe aliomba muunganisho mpya, akautumia, kisha akaendelea na kazi nyingine. Asubuhi programu yake ilikwenda vizuri. Kufikia adhuhuri ilikuwa imeganda, kwa kuwa miunganisho yote ambayo seva iliruhusiwa kuitoa ilikuwa imechukuliwa na hakuna hata mmoja uliorudishwa. Kila ombi jipya lilisubiri hadi muda wake ukaisha, kisha likarudi na kosa. Alipoulizwa kwa nini hakufunga miunganisho, alijibu kwamba alikuwa ameifunga yote, mmoja baada ya mwingine, kama alivyoelekezwa.

Wenzangu wa kompyuta walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kwa mujibu wa sarufi na semantiki ya Kiswahili kijana yule alikuwa amesoma sawasawa.

2.0 Kitenzi -funga na yambwa yake

Maana ya -funga hutegemea sana aina ya yambwa. Yambwa ikiwa ni mahali au njia ya kupitia, kama vile mlango, duka au barabara, kitenzi humaanisha kuzuia kuingia au kupita. Yambwa ikiwa ni tukio lenye muda, kama vile kikao, mkutano au mjadala, humaanisha kuhitimisha. Lakini yambwa ikiwa ni uhusiano unaozikutanisha pande mbili, maana hugeuka: anayefunga ndoa anaianza ndoa hiyo, na waliofunga mkataba ndio kwanza wameingia katika wajibu wao. Anayetaka kuukomesha uhusiano wa namna hiyo hatumii -funga. Huvunja ndoa, huvunja mkataba.

Sasa, muunganisho ni nini kama si uhusiano wa pande mbili? Nomino yenyewe inatokana na -unga, kupitia -ungana na -unganisha. Mofolojia yake yote inatangaza kwamba pande mbili zimekutanishwa. Msomaji mwenye umilisi wa Kiswahili anapokutana na "funga muunganisho" ana kila haki ya kuliweka tungo hilo katika kundi la ndoa na mkataba. Linalozidisha mkanganyiko ni kwamba katika ukurasa uleule mwongozo unasema pia "funga kikao", na hapo maana ni kuhitimisha bila shaka yoyote. Katika upitishaji ujumbe wa Java, kikao huanzishwa ndani ya muunganisho. Kwa hiyo sentensi mbili zinazofuatana, zenye kitenzi kimoja na umbo moja, zilimwambia msomaji mambo mawili yanayokinzana, na zote mbili zilikuwa Kiswahili fasaha.

Upande wa pili wa jozi hiyo una hali mbaya zaidi. Orodha yangu ilipendekeza "fungua muunganisho" kwa maana ya kuuanzisha. Lakini -fungua ni kinyume cha -funga kwa kiambishi tenguzi -u-, na katika maana ya kufunga kamba au mzigo, anayefungua anatengua kilichofungamanishwa. Nilikuwa nimewapa wanafunzi kitenzi cha kutengua ili waanzishe, na kitenzi cha kufungamanisha ili wakomeshe. Katika safu za nomino za orodha hiyo hakuna mahali ambapo kosa hili lingeonekana. Muunganisho, kama nomino, ni istilahi nzuri: ni sahihi, fupi, na inanyambulika. Kosa linaonekana tu inapopewa kitenzi.

Kiswahili cha kila siku tayari kilikuwa na jibu. Mtu anayemaliza mazungumzo ya simu hukata simu, hafungi simu. Kukata muunganisho kungeeleweka na kila mtu. Hata hivyo, hata hilo halitoshi, kama sehemu inayofuata inavyoonesha, kwa sababu katika seva nyingi kitendo kinachoitwa close kwa Kiingereza hakikati kitu chochote.

3.0 Kiwanda kisichotengeneza

Kiolesura ambacho Java hukiita ConnectionFactory kilikuwamo katika vipimo vya JMS tangu miaka ya mwisho ya 1990, na kimebaki hadi leo, ambapo vipimo hivyo viko chini ya Eclipse Foundation kwa jina la Jakarta Messaging. Mimi nilikiita "kiwanda cha miunganisho". Tafsiri hiyo ni sisisi, na ilipokewa bila ubishi, jambo ambalo lingepaswa kunitia wasiwasi.

Kitu chenyewe ni hiki. Msimamizi wa seva hukiandaa kwa kukipa taarifa ambazo mwandishi wa programu hapaswi kuzijua wala kuzirudia: anwani ya mashine inayopokea ujumbe, namba ya mlango, jina la mtumiaji na nywila, idadi ya majaribio mawasiliano yakikatika. Kisha hukisajili katika daftari la majina la seva. Mwandishi wa programu hukitafuta kwa jina tu, na kukiomba muunganisho. Seva ikihamishwa kesho kwenye mashine nyingine, msimamizi hubadilisha taarifa mahali pamoja, na programu haiguswi. Kiini cha dhana hii, basi, ni utengano wa majukumu: mmoja anajua njia, mwingine anajua jina. Neno kiwanda halisemi lolote kuhusu utengano huo. Linaleta taswira ya mahali penye mashine na mafundi, panapotoka bidhaa mpya kila mara.

Taswira hiyo si ndogo kiathari. Katika seva ya WildFly, kwa mfano, faili la usanidi liitwalo standalone-full.xml huja na vitu vya aina hii zaidi ya kimoja. Kile kilichosajiliwa kwa jina java:/ConnectionFactory hutoa muunganisho mpya kila kinapoombwa. Kile kilichosajiliwa kwa jina java:/JmsXA huazimisha muunganisho kutoka katika akiba iliyokwisha kuandaliwa, na programu inayoendeshwa ndani ya seva hushauriwa kukitumia hiki cha pili. Hapo hakuna kinachotengenezwa wakati wa kuombwa, na hakuna kinachokatwa wakati wa close: muunganisho hurudi akibani kumsubiri mwombaji mwingine. Kwa Kiswahili kilicho wazi, mtu ameazima na sasa anarudisha. Laiti mwongozo ungesema "rudisha muunganisho", kijana wetu asingekosea hata kama angetaka.

Akiba hiyo nayo niliipa jina la aibu. Kiingereza huiita pool, na mimi nikaandika "bwawa la miunganisho". Kumbe Kiingereza kina maneno mawili ya umbo hilo yasiyo na nasaba moja: moja la Kiingereza cha kale lenye maana ya dimbwi, na jingine lililotoka Kifaransa, lililohusu dau la wachezaji linalowekwa pamoja. Akiba ya miunganisho imetoka kwa wacheza kamari, haikutoka majini. Homonimia ya Kiingereza ilinitumbukiza bwawani, na ikawatumbukiza wanafunzi wangu pia.

Nilipoanza kuirekebisha orodha, wazo langu la kwanza lilikuwa "wakala wa miunganisho". Lina mvuto. Nchini Tanzania wakala wa huduma za fedha kwa simu anajulikana hadi vijijini, na mteja wake hana haja ya kujua mitambo ya kampuni iko wapi. Zaidi ya hayo, neno factory lenyewe, kabla ya kuwa la moshi na mashine, lilitaja kituo cha mawakala wa biashara. Wareno waliviita vituo vyao vya pwani yetu feitoria kwa maana hiyohiyo. Lakini wakala tayari anahitajika kwingine katika taaluma ya kompyuta, kwa programu zinazotenda kwa niaba ya mtumiaji, na istilahi moja kubeba dhana mbili katika uwanja mmoja ni kosa tunalowakataza wanafunzi wa mwaka wa pili.

Jibu nililipata mahali nisipopatarajia, yaani katika maelezo rasmi ya Java kuhusu hifadhidata. Huko kuna kiolesura kiitwacho DataSource, na maelezo yake yanakifafanua waziwazi kuwa ni factory ya miunganisho ya kufikia chanzo halisi cha data. Kwa maneno mengine, dhana ni moja: kitu kilichosanidiwa na msimamizi, kikasajiliwa kwa jina, kikatafutwa na programu, kikatoa miunganisho, mara nyingi kutoka akibani. Kiingereza kikakiita chanzo upande wa hifadhidata na kiwanda upande wa ujumbe, na mwanafunzi anayevisoma kwa majina hayo hana namna ya kujua kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sioni sababu ya Kiswahili kuwatenganisha ndugu hao. "Chanzo cha miunganisho ya data" na "chanzo cha miunganisho ya ujumbe" ni jozi inayoonesha udugu ambao lugha chanzi imeuficha. Kwa desturi tunaihesabu tafsiri ya istilahi kuwa juhudi ya kupunguza hasara. Hapa kuna faida.

4.0 Nani anayesubiri katika foleni?

Kuhusu foleni nina msimamo usio thabiti, na naona ni afadhali niuseme hivyo. Neno hili limekwisha kukita mizizi, na linatafsiri vizuri wazo la mpangilio. Lakini katika foleni ya benki au ya hospitali anayesubiri ni mwenye shida mwenyewe. Katika Dar es Salaam ya leo, ukisema foleni bila kuongeza neno, msikilizaji huyaona magari yasiyosogea. Foleni ya ujumbe iliundwa kwa lengo lililo kinyume kabisa: mtumaji auache ujumbe, aondoke, aendelee na shughuli zake, hata kama mpokeaji amelala au seva yake imezimwa. Kinachosubiri ni ujumbe. Mtumaji yuko huru, na uhuru huo ndio sababu ya watu kuhangaika kusanidi foleni badala ya programu moja kuiita nyingine moja kwa moja. Nimeshuhudia mwanafunzi mzuri akihoji kwa nini mtu aongeze foleni katika mfumo unaolalamikiwa kuwa unachelewa. Swali lake lilikuwa la busara kwa mtu anayeijua foleni ya barabarani.

Wapo wanaopendelea mlolongo. Kwa msomaji wa Kenya neno hilo lina kumbukumbu nzito ya uchaguzi wa mwaka 1988, wapiga kura walipopangwa nyuma ya mawakala au picha za wagombea, na sidhani kama mhandisi wa Nairobi atashukuru kuletewa kumbukumbu hiyo katika faili la usanidi. Tena foleni na mlolongo yote mawili yanaahidi usawa wa aliyetangulia kutangulia, ilhali vipimo vya JMS vinaruhusu kila ujumbe upewe kipaumbele kuanzia 0 hadi 9, chaguo-msingi likiwa 4. Nimeliacha neno foleni kwa kuwa limeenea, nikiongeza katika mwongozo sentensi ya kueleza nani anasubiri na nani hasubiri.

Tatizo la ujumbe lenyewe ni la ngeli. Ujumbe kwa maana ya habari tumeuzoea usihesabiwe. Ukihesabiwa, huwa ni watu: ujumbe wa watu watatu umewasili. Lakini msimamizi wa seva anahesabu kutwa nzima. Anataka kujua ni ujumbe mingapi, au mwingapi, au jumbe ngapi zimo katika foleni. Hilo la kwanza si sarufi ya Kiswahili, na la pili halisemwi na mtu. Jumbe linazidi kutumika, hasa Kenya, ingawa wazee wa pwani watakumbuka kwamba jumbe alikuwa mtawala. Nimelikubali. Uwingi wenye matumizi ya kila siku haupaswi kuzuiwa na cheo ambacho hakina tena mwenye kukishika.

5.0 Masjala kama uwanja wa dhana

Kiingereza cha taaluma hii kimekusanya sitiari kutoka kila upande. Foleni imetoka dukani, mada imetoka kwenye mjadala, dalali sokoni, kiwanda viwandani, akiba kamarini, barua mfu posta. Kuna hata punje: kijenzi kinachosikiliza foleni huitwa bean, na nimeona mahali kikiitwa haragwe, wakati mzaha wenyewe wa Java ni wa kahawa na Kiswahili kina neno buni, ambalo kama kitenzi lina maana ya kuvumbua. Lugha inayopokea si lazima iyabebe yote hayo moja moja.

Tuna uwanja mmoja unaoweza kubeba sehemu kubwa ya dhana hizi kwa pamoja, nao ni masjala. Barua huletwa masjala na tarishi, naye huondoka bila kumwona mwandikiwa. Husajiliwa, hupewa kumbukumbu namba, hupelekwa kwa ofisa mmoja anayehusika. Waraka ni kitu kingine: nakala zake huenda kwa kila aliye katika orodha ya usambazaji. Tofauti hii ya barua na waraka ndiyo hasa tofauti ya Queue na Topic katika JMS: katika Queue kila ujumbe hupokewa na mpokeaji mmoja tu, hata kama wanaosikiliza ni kumi, katika Topic kila aliyejiandikisha hupata nakala yake. "Mada" niliyoiandika mimi haikumwambia mwanafunzi lolote kuhusu nakala. Nilimfanya adhani kwamba suala ni maudhui ya ujumbe, kumbe suala ni idadi ya wapokeaji.

Msamiati wa vitenzi nao upo tayari. Vipimo vya JMS vinaeleza njia kadhaa za mpokeaji kuithibitishia seva kwamba ujumbe umefika, na wanaotafsiri huhangaika kati ya kutambua, kukubali na kuthibitisha. Barua zetu za kiofisi zimekuwa zikisema "nakiri kupokea" kwa miongo mingi. Kukiri kupokea si kukubali kilichoandikwa, wala si kukitekeleza. Ni kusema tu kwamba kimefika mkononi. Ni usahihi ambao neno kukubali halina. Ujumbe usiokiriwa hupelekwa tena, na seva huuwekea alama kwamba unaletwa upya. Katika WildFly, kwa usanidi wa chaguo-msingi, ukishindikana mara 10 huondolewa na kuwekwa katika foleni ya pekee iitwayo DLQ. Hapa nakataa kabisa "barua mfu". Mnyambuliko wa -pokea unatupa -pokeleka, na "jumbe zisizopokeleka" ni tungo linalosema kilichotokea bila kumuua yeyote.

Pendekezo hili limepingwa, na pingamizi moja lina uzito. Mhandisi kijana aliyesoma rasimu yangu aliniuliza masjala ni nini. Hajawahi kuingia humo. Barua zake zote ni barua pepe. Tunaweza kuwa tunawafafanulia vijana wasichokijua kwa kitu kingine wasichokijua. Nimelifikiria sana jambo hili. Jibu langu ni kwamba barua pepe yenyewe ilikubalika haraka kwa kuwa ilirithi vitenzi vyote vya barua: kuandika, kutuma, kujibu. Aliyezaliwa baada ya stempu hahitaji kuiona stempu ili avitumie. Vitenzi huishi kuliko majengo. Ikiwa "kukiri kupokea" kunaeleweka hata kwa asiyeiona masjala, hoja yangu inasimama. Ikiwa hakueleweki, haisimami, na hilo linaweza kupimwa maabara badala ya kubishaniwa kwenye warsha.

Pingamizi la pili ni la watohozi: tuseme kyu, topiki na konekisheni, tuendelee na kazi. Silidharau. Neno lililotoholewa halidanganyi, kwa kuwa halisemi kitu, "bwawa" lilidanganya. Lakini utohozi hauwezi kutuokoa na sentensi iliyoanzisha uhakiki huu. "Funga konekisheni" ingemfikisha kijana yule mahali palepale, kwa sababu kitenzi kingebaki chetu, na yambwa ingebaki uhusiano wa pande mbili. Kuhusu majina ya ndani ya programu, yaani yale ambayo kompyuta huyasoma, hayo yaachwe yalivyo. Java haitambui chanzo cha miunganisho, na mwanafunzi lazima aandike ConnectionFactory bila kukosea herufi.

Toleo jipya la mwongozo linaandaliwa na wanafunzi wengine, na safari hii nimeketi nao mbele ya seva. Kila istilahi inaingizwa ndani ya sentensi ya maelekezo, kisha mtu ambaye hajasoma somo hilo anaitekeleza huku sisi tukimtazama kimya. Tumeshaondoa istilahi kumi na mbili kwa njia hii, zikiwamo mbili nilizokuwa nikijivunia. Tungo la message broker bado halijapata jina: "dalali" anadai malipo, "mpatanishi" anahitaji ugomvi, na "masjala" yenyewe, waliyoipendekeza wanafunzi, inagongana na daftari la majina ya seva, ambalo mmoja wao alikuwa ameshaliita hivyo katika sura ya pili.